Hivi hizi nundu za rangi ya kutu kwenye matawi ya mgunga ni kitu gani?

#1 Kijana wa Nanganga
Wakuu salaam. Nipo shambani kwa marehemu mzee, bonde la Lukuledi, kati ya Ndanda na Nanganga. Pembeni ya shamba kuna mgunga mkubwa. Tangu nipo shule ya msingi tunakaa chini yake kubangua karanga. Mwaka huu, mvua za Januari zilipokolea, matawi yake yakaanza kutoa nundu. Si moja wala mbili. Nyingine kama limau, nyingine zimejikunja kama kidole cha mtu mwenye yabisi, na majani yanayotoka hapo ni madogo, yamesongamana kama ufagio. Kilichonishtua ni rangi: kahawia inayokimbilia chungwa, kama bati lililonyeshewa miaka kumi. Nikashika, vidole vikabaki na unga. Nikanusa, hauna harufu.

Mama kasema watoto wasiguse. Mjomba kasema tuukate kabla haujaambukiza mikorosho. Mimi nikasema ngoja niulize kwanza wanaojua. Ni ugonjwa, au mti unazeeka tu? Na unaweza kuhamia kwenye mikorosho?

#2 Kangomba Mstaafu
Bila picha hii ni chai.

#3 Kijana wa Nanganga
Picha nne hizo hapo. Mnivumilie, huku mtandao mpaka upande kichuguu.

#4 Bibi Ming'oko
Picha ya tatu mbona tangawizi hiyo, mwanangu? Haya, nasubiri wenye elimu.

#5 Bwana Shamba Mstaafu
Hiyo ni kutu. Si kutu ya chuma, ni jina la ugonjwa. Waliolima mahindi wanaijua: vipele vidogo vya kahawia kwenye jani, ukipangusa kidole kinatoka na unga kama wa mdalasini. Unga ule ndio mbegu za kuvu, shuleni tuliambiwa spora. Ndugu zake wapo kwenye ngano, maharage, kahawa na karanga, kila mmoja na mmea wake. Hizi za jamii ya migunga zina tabia ya ziada, haziishii kwenye jani. Zinaingia kwenye tawi likiwa changa, na tawi linachanganyikiwa: badala ya kurefuka linanenepa.

Kwenye korosho haihamii. Kutu ina uchaguzi wa chakula kuliko mtu mwenye vidonda vya tumbo. Mwambie mjomba aweke panga chini.

#6 Mpare Aliyehamia Newala
Mzee shikamoo. Mti hauna chuma, kutu itoke wapi? 😂

#7 Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba. Soma sentensi ya pili.

#8 Dada Mikindani
Mzee kwa heshima zote napinga. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mgunga wenye nundu hizohizo. Kaka yangu alipasua moja kwa kisu, ndani tukakuta funza mweupe amejikunja na kinyesi chake kama vumbi la msumeno. Wadudu hao. Anataga kwenye tawi bichi, mtoto anakula ndani, mti unajaribu kumfunika, ndiyo unavimba. Huo unga wa kahawia unaweza kuwa uchafu wa mdudu tu.

Mleta uzi, pasua moja utupe jibu. Dakika mbili.

#9 Fundi Vinyago
Mie nachonga mwaka wa ishirini na sita, miti naijua kwa patasi. Kuna kitu kinaitwa kirukia. Ndege anakula tunda lake, anakwenda kujipangusa mdomo juu ya tawi la mti mwingine, mbegu inanata pale, inazamisha mzizi ndani. Pale kirukia kinaposhikia tawi linavimba, na kirukia chenyewe kikifa kinabaki kinundu chenye mistari kama ua. Angalia kama kuna majani yasiyofanana na ya mgunga.

Halafu tusichanganye nundu na nundu. Nundu ya mninga ni mbao ngumu, mshipa umezunguka, ukiipiga msasa inatoa sura ambayo wateja wanagombania. Hiyo ya kwenye picha naona ni laini, ikikauka itapukutika. Hata kijiko huchongi.

#10 Mmakua Original
Fundi kila mti anaupimia kijiko. Wamakonde bwana.

#11 Fundi Vinyago
Na nyie Wamakua mnaupimia kivuli cha kulalia. Tulia, watu wazima wanaongea.

#12 Nilikuwa Serengeti
Mbona rahisi. Nimefanya kazi miaka minne Serengeti, kule migunga midogo yote ina mipira myeusi, ndani chungu wamejaa. Upepo ukipita kwenye vile vitundu mti unapiga mluzi. Mnachokiona ni makazi ya chungu. Wao ndio wanauvimbisha mti ili wapate nyumba.

#13 Hadubini
#12 nusu tu ndiyo sahihi. Ile mipira chungu hawaitengenezi. Ni miba ya mti wenyewe, unaiotesha imevimba chini hata pasipo chungu hata mmoja. Chungu wanakuja baadaye wanatoboa mlango na kuhamia. Mti unapata walinzi, chungu wanapata nyumba. Na ile inakaa kwenye mwiba. Hii ya Nanganga ipo kwenye tawi, ukiangalia picha ya pili miba imepandiana juu ya uvimbe yenyewe mizima kabisa.

Kwa macho ya picha naungana na #5. Ila nina maswali kwa mleta uzi kabla sijasema zaidi. Mgunga gani? Miba imenyooka mirefu myeupe, au mifupi iliyopinda kama kucha za paka? Maua ni viduara vya manjano, au marefu meupe kama brashi ya kuoshea chupa?

#14 Kijana wa Nanganga
Asanteni wote. Miba imenyooka, miwili miwili. Ukikanyaga na ndala unapita mpaka upande wa pili, nina kumbukumbu nao. Maua ni viduara vya manjano. Majani ya kigeni hakuna, Fundi, nimezunguka mti mzima.

Dada Mikindani nimepasua tatu. Mbili hazina kitu ndani, nyama yake kama kizibo cha chupa, kahawia. Ya tatu ina tundu na funza mmoja amekufa.

#15 Dada Mikindani
Nilisema!!

#16 Hadubini
Moja kati ya tatu, dada. Kama funza ndiye mjenzi, kila nyumba ingekuwa na mwenyewe au alama ya kwamba alikuwamo. Nundu za kutu ni chakula laini, mende wadogo na nondo wanataga humo kuvu ikishamaliza kujenga. Mpangaji huyo, si mwenye nyumba.

#17 Dada Mikindani
Na mimi nikikwambia kuvu ndiye mpangaji? Mdudu katoboa, maji ya mvua yameingia, ukungu umeota juu. Umejuaje nani alitangulia?

#18 Bibi Ming'oko
Hapo sasa. Nimekaa vizuri.

#19 Hadubini
Swali zuri, na nitajibu. Ukungu wa kawaida unaota kwenye chochote kilichooza, mkate, ngozi ya kiatu, ukuta. Kutu haiwezi. Inahitaji seli hai za mmea wake. Ukiiweka kwenye tawi lililokufa inakufa nalo, hata maabara kuiotesha kwenye chupa ni shughuli iliyowashinda watu kwa miaka mingi. Kwa hiyo haiji kumalizia mabaki ya funza. Ikiwapo, basi iliingia kwenye tawi zima.

Mfano ninaoujua vizuri uko Afrika Kusini. Kuna mgunga wao, Vachellia karroo, na kuvu yake inaitwa Ravenelia macowaniana. Jina la kwanza ni la Henry William Ravenel, Mmarekani aliyekuwa anakusanya kuvu na mimea. Ile kuvu ina hatua mbili juu ya mti uleule: kwenye matawi inaleta nundu na mafagio, kwenye majani inaleta vipele vya unga. Haihitaji mmea wa pili. Kutu nyingine, kama ile ya shina la ngano, zinahama kati ya mimea miwili tofauti kabisa ndipo zikamilishe maisha yao.

Ukiziweka spora zake za mwisho chini ya hadubini hutasahau. Seli nyingi zimebanana kwenye kichwa kimoja cha duara, kimesimama juu ya kikonyo. Topetope dogo kabisa lenye mguu.

#20 Mpare Aliyehamia Newala
Topetope lenye mguu. Leo sikuli matunda.

#21 Mwera wa Ruangwa
Mkuu Hadubini, darasa zuri, lakini umetuvusha mpaka. Huo karroo ni mti wa kusini mwa Afrika, sisi hapa Lukuledi hatuna. Na Mzee #5 katuambia kutu ina uchaguzi wa chakula. Sasa kuvu ya mti wa kwao itafikaje kwenye mti wetu? Ama uchaguzi upo au haupo.

#22 Hadubini
Sijasema ni ileile. Ravenelia ni jenasi kubwa, ina aina nyingi sana kwenye miti ya jamii ya kunde nchi za joto. Nimetoa mfano wa tabia. Kuijua ya kwetu ni mpaka mtu achukue jani na nundu aziweke chini ya kioo.

#23 Mwera wa Ruangwa
Basi tuandike "inafanana na kutu". Tusibatize mtoto ambaye hajazaliwa.

#24 Mzalendo wa Mtwara
Halafu mbona mnaandika Vachellia? Sisi tumefundishwa Acacia.

#25 Hadubini
Usinikumbushe. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa wataalamu wa mimea kule Vienna, jina Acacia lilibakizwa kwa kundi lenye miti mingi zaidi, na mingi ya hiyo iko Australia. Ya kwetu ikagawanywa: yenye miba iliyonyooka mingi ikaenda Vachellia, yenye kucha za paka mingi ikaenda Senegalia. Mwaka 2011 kule Melbourne wakathibitisha.

#26 Mzalendo wa Mtwara
Melbourne?! Kesi ya ngedere hakimu nyani.

#27 Kangomba Mstaafu
Wametuchukulia jina, korosho wanachukua ghafi, gesi ndiyo usiseme.

#28 Mmakua Original
Gesi imefikaje kwenye mgunga jamani.

#29 Kangomba Mstaafu
Uzi wowote wa Mtwara ukifika ukurasa wa pili bila gesi unafutwa, hujui?

#30 Msemakweli Tandahimba
Mnazunguka tu. Mti mkubwa, uko pembeni ya shamba la marehemu, na umebadilika baada ya mwenyewe kufa. Ndugu zangu wa kusini mnajifanya hamuelewi. Mleta uzi, mzee alifariki lini? Kulikuwa na mgogoro wa mpaka? Jibu hapo.

#31 Kijana wa Nanganga
Mzee alifariki 2021. Mpaka hauna mgogoro, jirani ndiye aliyetuletea jeneza. Na mti huu tunao mmoja tu lakini jana nikiwa kwenye bodaboda kuelekea Ndanda nimeona mingine miwili barabarani ina hizohizo.

#32 Msemakweli Tandahimba
Miwili barabarani. Sawa. Wachawi nao wanapanda boda.

#33 Liwale Kwetu
Salaam. Msicheke magonjwa ya miti. Sisi Liwale mwaka 2012 mikorosho ya kijiji cha Magawanyiko ilianza kunyauka. Mti mzima, una maua, majani yananing'inia yanakuwa manjano kisha kahawia, umeisha. Watu walisema hayohayo ya #30. Walipokuja kupima ni kuvu inayoishi udongoni, inaingia kwa mizizi na kuziba njia za maji, mnyauko fuzari. Baba mdogo alipoteza mikorosho kumi na saba. Alishakosana na majirani wawili kabla jibu halijaja, na mpaka leo hawasalimiani vizuri.

Kwa hiyo mjomba wa mleta uzi namuelewa. Mtu aliyeumwa na nyoka.

#34 Bwana Shamba Mstaafu
Pole sana Liwale. Ila fuzari na kutu hazifanani hata kidogo. Fuzari inakaa kwenye udongo miaka mingi ikisubiri. Kutu inapeperuka na upepo.

#35 Salfa Mbele
Mimi naona hii ni ubwiriunga wa mgunga. Puliza salfa mapema asubuhi umande ukiwapo, wiki mbili rudia. Bei ya mfuko msiniulize, mwaka huu tumelia.

#36 Bwana Shamba Mstaafu
Hapana Salfa. Ubwiriunga ni mweupe, unatambaa juu ya jani na ua, chakula anafyonza kwenye ngozi ya juu. Ndiyo maana salfa inamfikia. Huyu wa kutu amezama ndani ya tawi, unachokiona nje ni mazao yake tu. Ukipuliza salfa mti wenye nundu tayari umempaka poda mgonjwa wa ini. Zamani salfa ilitumika hata kwa kutu, sibishi, lakini ni kinga ya jani lisilougua bado. Na nani atapanda mgunga wa mita kumi na mbili, wenye miba ile, na mashine mgongoni?

#37 Salfa Mbele
Vijana wapo.

#38 Mpare Aliyehamia Newala
Vijana gani hao, wa kwako au wa jirani?

#39 Mwalimu wa Nachingwea
Tusiidharau kutu. Ndiyo iliyoua mradi wa karanga wa Waingereza hapa Nachingwea. Babu yangu aliendesha trekta la wakoloni, alikuwa anasimulia.

#40 Mwera wa Ruangwa
Mwalimu, hapana. Mradi ulianza 1947, ukafungwa 1951. Udongo mgumu, mvua haikuja walivyoipangia, mashine zikafa, kila kitu kilitafutwa kwa haraka. Hapa kwetu mpaka bandari na reli vilikuwa bado vinajengwa. Kutu ya karanga ilikuja kusambaa Afrika miaka ya 1970, mradi ulishakuwa magofu. Babu aliona ugonjwa mwingine, ule wa kudumaza, unaoletwa na vidukari.

#41 Mwalimu wa Nachingwea
Nimekubali, ila reli ilijengwa ikang'olewa, hilo liandikeni.

#42 Mzalendo wa Mtwara
Limeandikwa. Linauma.

#43 Mnyakyusa Mgeni
Habari zenu, nipo Mtwara kikazi. Kwetu Rungwe kutu tunaijua kwenye kahawa. Ceylon, sasa Sri Lanka, ilimaliza kahawa yote mwaka mmoja, 1869, ndiyo wakaanza kulima chai. Mkiona mti wenye kutu ng'oa, choma moto.

#44 Hadubini
Karibu. 1869 ndipo ilipoonekana Ceylon. Kuimaliza kahawa ilichukua kama miaka ishirini, watu walikuwa wanaongeza mashamba huku mengine yanapukutika. Na kahawa ile ilikuwa imepandwa milima mizima, mti mmoja unaugusa mwenzake. Mgunga wa mleta uzi uko peke yake pembeni ya karanga. Kuvu na mti wa asili vilivyokaa pamoja tangu enzi vina namna ya kuvumiliana. Hatari inakuja kuvu ikihamishiwa mahali ambapo mti haujawahi kuiona.

Kuna waliotumia hatari hiyo makusudi. Afrika Kusini ilivamiwa na mti wa Australia, Acacia saligna, wakaleta kutu ya kwao hukohuko Australia mwaka 1987, inaitwa Uromycladium. Inaujaza mti nundu mpaka unachoka na kufa. Kwa hiyo nundu ileile, mmoja anaikimbia, mwingine kaiagizia ndege.

#45 Mzalendo wa Mtwara
Waliochukua jina la Acacia ndio walioleta na kuvu. Nazidi kuunganisha.

#46 Dada Mikindani
Turudi kwenye mada. Mleta uzi, nundu ziko upande gani wa mti? Juu, chini, upande wa njia? Nauliza kwa sababu kuna jambo hamjaligusa: moto. Wakati wa kuandaa mashamba watu wanachoma, joto linaunguza matawi ya chini, ganda linapasuka, mti unaziba jeraha kwa kuvimba.

#47 Dada Mikindani
Na kabla hamjanirukia, sijaacha wadudu. Nafungua mlango tu.

#48 Kijana wa Nanganga
Ziko zaidi upande wa mashariki na juu kidogo, kwenye vitawi vya mwaka huu na mwaka jana. Matawi manene hayana. Moto haufiki pale, tunafyekea pembeni.

#49 Bwana Shamba Mstaafu
Vitawi vya mwaka huu. Nilisema tawi changa. Na mashariki ndiko upepo unakotokea huku bondeni mvua zikiwapo. Nakunywa chai.

#50 Mwera wa Ruangwa
Upepo wa mashariki unaleta wadudu pia, Mzee, usimalize hiyo chai. Kijana, fanya hivi. Kata kitawi chenye nundu na majani yake, uweke na kipande kizima kisicho na ugonjwa, ua kama lipo. Laza kwenye gazeti, juu weka gazeti jingine na kitu kizito, badilisha magazeti kila siku mpaka kikauke. Andika karatasi: tarehe, mahali, mti upo wapi, nani kakata. TAFORI Morogoro ndiyo watafiti wa misitu. Kama Morogoro mbali, anza na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara. Wao ni korosho, karanga na ufuta, lakini magonjwa ya mimea wanayasoma kila siku, hawatashindwa kukuelekeza.

Usiweke kwenye nailoni.

#51 Mmakua Original
Hilo la nailoni nina ushahidi. Niliwahi kupeleka majani ya muhogo kwenye ofisi moja, nimeyafunga kwenye mfuko, gari likaharibika njiani tukalala. Yanafika yameota ndevu nyeupe. Mtaalamu akafungua, akanusa, akaniambia muhogo wako una ukungu. Nikamwambia ukungu ni wa mfuko. Akaandika ukungu.

#52 Kangomba Mstaafu
Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Wewe umeitoa wapi?

#53 Mmakua Original
Kifungashio cha mkate, afande.

#54 Bibi Ming'oko
Wanangu, mimi sina maabara. Lakini miaka ya mvua nyingi nundu hizi tulikuwa tunaziona tukienda kuchimba ming'oko, kisha miaka ya ukame hatuzioni, au zimekauka nyeusi zimebaki kama mavi ya mbuzi. Hakuna mgunga niliouona unakufa kwa ajili yake. Unakonda tawi moja, unaota jingine. Mbuzi walikuwa wanakula matunda yake vilevile. Sisi hatukulipa jina. Tulisema mgunga una matende.

#55 Hadubini
Bibi shikamoo. Hayo ya mvua ni ya maana kuliko yote niliyoandika. Spora zinahitaji unyevu juu ya jani ili zichipue.

#56 Bibi Ming'oko
Marahaba. Andika basi na jina langu kwenye hicho kitabu chako.

#57 Fundi Vinyago
Matende! Nimekubali jina. Lakini Bibi, na wadudu nao wanataka mvua. Na ndege wa kirukia naye anazaliana mvua ikinyesha. Mvua haijatuamulia kesi.

#58 Dada Mikindani
Fundi, kaa hapo hapo, nakununulia soda.

#59 Kijana wa Nanganga
Wakuu, samahani nimepotea wiki mbili, nilikuwa Dar. Nilikausha vitawi viwili kwenye gazeti kama alivyosema #50, nikaviacha juu ya kabati la mama. Nimerudi leo. Mti haupo. Mjomba ameukata siku ya tatu baada ya mimi kuondoka, kapanga tanuri, mkaa umetoka magunia matano na kidogo. Anasema alikuwa analinda mikorosho.

Na vitawi vya juu ya kabati mama kawashia moto wa uji, alidhani takataka.

#60 Kangomba Mstaafu
Inna lillahi. Gunia anauza kiasi gani?

#61 Mpare Aliyehamia Newala
Wewe Kangomba una roho ya chuma. Chenye kutu.

#62 Bwana Shamba Mstaafu
Masikitiko. Kivuli cha miaka hamsini kwa magunia matano. Mwambie mjomba kutoka kwa Mstaafu: korosho zake hazikuwa na adui pale.

#63 Liwale Kwetu
Mzee, usimlaumu sana. Baba mdogo angekuwa na mti wa kukata akaokoa mikorosho kumi na saba, angekata kumi.

#64 Mwera wa Ruangwa
Ile miwili ya barabarani bado ipo? Chukua huko. Mvua hazijaisha.

#65 Kijana wa Nanganga
Mmoja upo, mwingine wamepitisha nguzo za umeme. Jumamosi nitaenda na magazeti mapya, safari hii nayaficha chumbani kwangu.

Jambo jingine. Nimepita kwenye kisiki leo jioni. Kimeshachipua, machipukizi manne upande wa karanga. Matatu yamenyooka vizuri. La nne limeanza kujikunja pale chini, na linang'aa rangi kidogo. Nimepiga picha lakini giza lilikuwa limeingia, asubuhi nitapanda kichuguu niitupie.